Shimo la Waziri na Uwanja wa Clarrie

Clarrie Buhagiar, mtunza uwanja, alipoliona gari jeusi linakunja kona kuingia uwanjani, alizima mashine ya kukatia nyasi, akatamka neno ambalo marehemu mama yake angemsugua ulimi kwa sabuni kama angelisikia.

"Wamekuja tena?" aliuliza Ivy Tabuai, aliyekuwa amekaa kizingitini mwa banda la mashine akifunga kamba za viatu.

"Wamekuja tena."

"Na beleshi?"

"Mama, umewahi kumwona waziri anakuja hapa bila beleshi?"

Wenyeji wa Karraby, mji wa miwa huko kaskazini mwa Queensland, hawakuhitaji kalenda ili wajue uchaguzi umekaribia. Beleshi lilitosha. Kila uchaguzi ulipokaribia, serikali iliyokuwapo ilikuja kutangaza kwamba inaipa klabu ya Nungunungu, timu ya raga ya kulipwa ya mji ule, mamilioni ya kujenga Kituo cha Umahiri. Kituo hicho kingekuwa na mabwawa ya maji ya barafu, vyumba vya kumpima mchezaji usingizi, na jiko la kumpikia mayai yaliyohesabiwa nguvu. Mawaziri wanne walishakuja, na kila mmoja alivaa kizibao cha njano kinachong'aa na kofia ngumu, akakanyaga beleshi, akachimba, akapigwa picha, akaondoka. Mashimo manne yalichimbwa. Tofali hata moja halikuonekana.

Wala mashimo hayo hayakuchimbwa kwa Nungunungu. Nungunungu walikuwa na uwanja wao wa mazoezi ng'ambo ya uzio, ulioota nyasi nene mithili ya zulia la hoteli, nao ulijengwa kwa ruzuku ya zamani. Tatizo la uwanja ule ni kwamba nyuma yake palikuwa na ghala la mbolea, na ghala la mbolea halipendezi kwenye televisheni. Uwanja wa Clarrie, ule wa umma, ulikuwa na milingoti mizuri myeupe ya goli na milima ya kijani kwa mbali. Basi mawaziri walichimba kwa Clarrie. Aliyefukia alikuwa Clarrie.

Shimo la pili, watu wanasema, lilimmeza mshika kibendera mchezo ukiendelea, na timu zikacheza robo saa nzima zikifuata kibendera tu kilichokuwa kinatokeza juu ya ardhi. Clarrie mwenyewe alikuwa akisema ni dakika kumi. Hakupenda watu wanaotia chumvi.

Ila Alhamisi ile hakuwa na hamu ya mzaha. Kesho yake saa tisa alasiri alikuwa anakuja Bi Gillespie, mkaguzi wa ligi, na rula yake ya chuma. Jumamosi kulikuwa na fainali ya wanawake ya wilaya, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja ya Clarrie, fainali ingechezwa kweli kwenye uwanja wake. Mara tatu alishapewa fainali akanyang'anywa: mara moja kwa mafuriko, mara moja kwa nguruwe mwitu waliofukua mstari wa kati kama wamekodiwa, na mara moja kwa waziri. Sheria ya Bi Gillespie ilikuwa fupi. Shimo likizidi vidole viwili, fainali inahamishiwa Bulgarra, mwendo wa saa mbili na nusu, nyumbani kwa wapinzani. Na wapinzani wa Ivy na wenzake safari hii walikuwa haohao Bulgarra.

Ivy alikuwa nahodha. Siku za kazi alikuwa shambani kwa mjomba wake akikata na kupakia nyasi za bustani, ndiyo maana alikuwa na mabega ya kusukuma gari bovu. Miaka minne yeye na wenzake walikuwa wakibadilisha nguo ndani ya banda la Clarrie, kati ya madumu ya petroli na chokaa ya mistari.

"Usihofu, Mjomba Clarrie," alisema. Watu wote mjini walimwita hivyo, wenye udugu naye na wasio nao. "Si una lile hodhi lako?"

Naam, hodhi. Baada ya shimo la nne Clarrie alipata akili. Alichukua hodhi kuukuu la kuogea, akalizika nyuma ya mstari wa goli karibu na banda, akalijaza udongo laini na kuliotesha nyasi. Kazi ya hodhi lile ilikuwa moja: kuchimbwa na waziri. Alilimwagilia, alilipalilia, na siku za baridi alilifunika gunia.

Akaenda kuwapokea wageni. Waziri wa Michezo, Mheshimiwa Roslyn Keogh, alikuwa ameshavaa kizibao. Ubavuni pake alisimama Brenton Stroud, mkurugenzi wa Nungunungu, mtu aliyetabasamu kwa meno yote hata alipokuwa anakunyima kitu.

"Clarrie, kaka yangu! Tunaomba dakika kumi tu," alisema Stroud.

"Mna dakika kumi na mna mahali. Pale kando ya banda. Udongo laini, milingoti inaonekana, kila kitu."

Msaidizi wa Waziri, mwanamke mwenye simu mbili, aliinua kiganja usawa wa jua. "Tulitaka pale katikati. Mwanga ni mzuri zaidi."

"Pale katikati nitalala chini mwenyewe, mnichimbe mimi."

Waziri akacheka, akasema hapana shida, kando ya banda panatosha. Clarrie akashusha pumzi. Angepaswa kuishikilia. Nyuma ya gari jeusi lilikuwa linaingia lori kubwa, na juu ya lori limepanda katapila la njano.

"Hilo la nini?" Clarrie aliuliza.

"La nyuma ya picha tu," alisema yule msaidizi. "Wananchi wamechoka kuona beleshi. Wanataka kuona mitambo."

"Litachimba?"

"Baba, hilo ni pambo."

Wakalishusha pambo lao, likatambaa mpaka kwenye mstari wa mita ishirini, likaegeshwa pale likinguruma kidogo ili litoe moshi, maana msaidizi alisema moshi unaonyesha uhai. Dereva wake alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Snow, mwenye nywele nyeupe pe, aliyekodiwa kwa siku nzima na kuambiwa akae humo na kofia yake. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo. Kosa likawa hilo. Snow alikuwa mtu wa kazi. Miaka arobaini hajawahi kulipwa kwa kukaa.

Waziri akachimba hodhini. Beleshi likaingia kama kisu kwenye siagi, nyasi zikainuka vizuri, kamera zikapiga. Clarrie aliona fahari kidogo. Kisha Waziri akageukia vipaza sauti, akakunja ngumi.

"Watu wa Karraby mmeahidiwa vya kutosha!" alisema. "Mmechoka na maneno, na mimi nimechoka na maneno. Leo hatuahidi. Leo kazi inaanza!"

Na kwa ajili ya kamera, akanyoosha mkono kuelekea kwenye katapila.

Snow akaona mkono wa Waziri wa serikali umemnyooshea. Akavuta wenzo.

Choto la kwanza liliondoka na nyasi alizozimwagilia Clarrie tangu Krismasi. La pili lilifika kwenye udongo mwekundu. Kufikia la tatu Clarrie alikuwa anakimbia, kofia mkononi, akipiga ukelele ambao wachuma mananasi waliusikia upande wa pili wa mto. La nne likaning'inia hewani. Snow alikuwa amemwona.

"Zima! Zima, bwana! Nani kakwambia uchimbe?"

"Waziri kanipungia mkono, mzee!"

"Waziri anawapungia mikono watu wote! Ndiyo kazi yake!"

Nyuma yao watu walikuwa wanapiga makofi. Wapiga picha walifurahi kupita kiasi. Hata Waziri alipiga makofi, kwa kuwa kila mtu alikuwa anapiga. Dakika tisa baadaye gari jeusi lilikuwa limeshaondoka, na kwenye mstari wa mita ishirini pamebaki shimo ambalo ungeweza kumfichia farasi ukimwomba ainamishe kichwa.

Clarrie alimdaka Stroud akiwa anafungua mlango wa gari lake.

"Brenton. Shimo."

"Nimeliona. Picha kali sana! Nitamwomba mtu aje alifukie Jumatatu."

"Jumamosi kuna fainali."

"Fainali? Sisi fainali hatujaingia bado, kaka."

"Ya wanawake!"

"Aa!" Stroud akatabasamu kwa meno yote. "Hongereni sana." Akafunga mlango. Saa moja baadaye yeye na timu yake walikuwa angani, wanakwenda Sydney kwenye mechi.

Clarrie akaingia bandani, akaketi juu ya dumu, akapiga simu. Halmashauri ya mji wakamwambia shimo limechimbwa na serikali ya jimbo, awapigie jimbo. Jimbo wakamweka dakika ishirini na tano na muziki wa filimbi, kisha wakamwambia mradi ni wa klabu, awapigie klabu. Klabu, msichana wa mapokezi akamwambia uwanja ni wa halmashauri. Akawapigia tena halmashauri. Wakamwambia kuna fomu. Akauliza fomu inachukua muda gani. Wakasema siku kumi na nne za kazi, isipokuwa kama shimo ni la dharura, na kama ni la dharura kuna fomu nyingine.

Akapiga tena jimbo, muziki ule ule wa filimbi, hadi akawa anaufuatiza kwa mdomo bila kutaka. Safari hii akampata ofisa mwenye sauti ya upole, sauti ya daktari anayekuletea habari mbaya.

"Bwana Buhagiar, nakuomba usilifukie."

"Nisilifukie?"

"Waziri ameshatangaza kwamba kazi imeanza. Shimo hilo ndilo kazi. Kwa sasa ni sehemu ya mradi. Ukilifukia, kazi itakuwa haijaanza."

"Dada yangu, mradi ni wa Nungunungu. Shimo liko kwangu."

"Mimi hapa ninaona tu kwamba lazima liwepo shimo kwenye eneo la michezo la Karraby. Liko upande gani, hiyo haijaandikwa."

Clarrie akaishusha simu polepole. Akamtazama Ivy, ambaye alikuwa ameshafika shimoni na kurudi akiwa na udongo mpaka magotini.

"Mjomba, nimepima," alisema Ivy. "Tukijaza udongo na kuweka nyasi za shambani kwetu, hazifai. Zile ni za kukunja kama mkeka, nyembamba. Mchezaji akipiga breki tu zinachunika kama ngozi ya ndizi. Bi Gillespie atazinyanyua kwa kidole. Tunahitaji vipande vinene, vizito, vyenye mizizi yao, na nyasi aina ile ile."

"Na vinapatikana wapi vipande hivyo?"

Ivy aligeuza shingo. Alitazama ng'ambo ya uzio. Clarrie naye akatazama ng'ambo ya uzio.

Kwenye lango la Nungunungu palikuwa na kufuli la namba na bango kubwa la bluu, lililotundikwa siku ya ruzuku ile ya zamani. Clarrie alilipita kila siku kwa miaka sita bila kulisoma. Sasa akalisoma, tena kwa sauti, kama anasoma kanisani: "Uwanja huu umejengwa kwa fedha za umma kwa matumizi ya klabu na jamii."

"Jamii ishawahi kuutumia?" Ivy aliuliza.

"Mwaka juzi mpira wa mtoto mmoja uliruka ukaingia. Wakamrudishia kwa posta."

"Basi jamii ina deni la kutumia."

"Mama," Clarrie akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilainika, "yule dada wa jimbo kasema lazima shimo liwepo. Hakusema lisihame."

Namba ya lango alikuwa nayo. Koki kuu ya maji ya viwanja vyote viwili ilikuwa upande wa Nungunungu, na aliyekuja kuifungua kila alfajiri ni yeye.

Saa nane mchana wachezaji wa Ivy walikuwa wameshafika: muuguzi na sare zake, walimu wawili, mpika mkate, na dada watatu wa kiwanda cha sukari. Ivy alileta mashine ya shambani ya kuchuna nyasi, akaishusha kisu mpaka kina cha mwisho. Wakapima shimo la Clarrie kwa kamba, wakailaza kamba ile juu ya zulia la Nungunungu, wakakata. Vipande vilitoka vinene kama magodoro. Kila kimoja kilibebwa na wanawake wanne, na wanne wale walikuwa fowadi, wale wazito wa safu ya mbele.

Walipokuwa wanajiuliza udongo wa kujazia watautoa wapi, walisikia mngurumo. Katapila lilikuwa linakuja lenyewe, na Snow juu yake, kofia kaivua.

"Mzee, nimekaa kwenye lori nimeshindwa kula," alisema. "Nimeharibu uwanja wa watu. Na nimelipwa mpaka saa kumi na moja."

"Unaweza kuchimba kule ukamwaga huku?"

"Ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi yangu ya haki tangu asubuhi."

Akachimba kule akamwaga huku. Hakuna aliyewahi kuona shimo likihama kwa ustaarabu namna ile. Waliokuwepo wanaapa kwamba kwa kitambo kidogo, lile la huku likipungua na lile la kule likikua, uwanja mzima wa Karraby ulikuwa na mashimo mawili nusu nusu. Snow akashindilia, Ivy na wenzake wakapanga magodoro yao ya nyasi, kingo kwa kingo, Clarrie akapita na roli la chuma mara kumi na nne. Kufikia saa kumi na moja kasoro, ukitaka kujua shimo lilikuwa wapi, ilibidi uulize. Ng'ambo, katikati ya zulia la Nungunungu, wakalizungushia shimo jipya utepe wa njano, wakasimamisha kibao alichokiacha Waziri: KAZI INAENDELEA.

Nungunungu walirudi Ijumaa? Hapana, timu ilibaki Sydney. Ila Stroud alirudi peke yake kwa ndege ya asubuhi, kwa sababu mtu fulani alimtumia picha. Saa tisa kasoro alitokea bandani, na meno yote yalikuwa yamefichwa.

"Clarrie! Kuna shimo kwenye uwanja wangu!"

"Ndiyo. Hongereni sana."

"Unajua nyasi zile ni za bei gani? Nani kawaruhusu kuingia?"

"Bango lenu. Limeandika jamii itumie. Jamii imetumia."

"Nitaita polisi! Nitampigia Waziri sasa hivi!"

"Mpigie," alisema Clarrie, akamsogezea dumu la kukalia. "Tena kaa upige vizuri. Mwambie Mheshimiwa kwamba ile kazi aliyoianza jana mbele ya televisheni, wewe mwenyewe hutaki ianze kwako. Mwambie ulitaka ianzie kwenye fainali ya wanawake. Mwambie na gazeti, kama lina nafasi, mwezi mmoja kabla ya kura."

Stroud akabaki ameishika simu. Uso wake ulipita rangi tatu, na ya mwisho ilikuwa ile ya soseji mbichi.

"Hilo shimo... mwisho wake lini?"

"Ruzuku yako ikifika. Si mnasema iko njiani?"

Hapo Bi Gillespie akaingia na rula yake. Hakumsalimu mtu, hakuwa na desturi hiyo. Akaenda moja kwa moja uwanjani, akapita mstari kwa mstari huku Clarrie akimfuata hatua tatu nyuma. Alipofika mita ishirini akasimama. Akapiga magoti. Akachomeka rula. Akazishika nyasi kwa ngumi akavuta kwa nguvu zake zote, na nyasi zikamvuta yeye.

Akainua macho. "Clarrie. Hapa kuna nyasi nzuri kuliko uwanja wote. Unazipa nini hizi?"

"Kodi za wananchi, mama."

Bi Gillespie akamtazama. Akautazama uzio, na utepe wa njano ng'ambo yake, na Stroud aliyekuwa amekaa juu ya dumu la petroli na kichwa mikononi. Akatia sahihi.

Jumamosi walikuja watu elfu moja na mia mbili, na soseji ziliisha kabla ya mapumziko. Karraby walikuwa nyuma kwa pointi mbili na dakika zimebaki tatu Ivy alipopokea mpira akiwa na wanawake wawili wa Bulgarra mgongoni na mmoja kiunoni. Alipoikanyaga ile sehemu, walioona wanasema nyasi zilimbeba. Alitoka pale kama amesukumwa, akawaacha wote watatu wamelala, akaenda kuangukia nyuma ya mstari, trai safi, pointi nne. Clarrie hakuiona. Alikuwa ameinama anaangalia kama magodoro yamehama. Hayakuhama hata unywele. Walilichukua kombe, wakaenda kubadilisha nguo bandani, kati ya madumu, kama kawaida.

Miaka mitatu imepita sasa. Serikali imebadilika, Waziri Keogh anauza nyumba huko pwani, na Kituo cha Umahiri bado kiko njiani. Nungunungu wanafanya mazoezi wakilizunguka shimo, na winga wao wamekuwa hodari wa kukata kona kuliko timu nyingine zote za ligi. Hawawezi kulifukia. Kila robo mwaka inatoka ripoti kwamba hatua ya kwanza ya mradi imekamilika kwa asilimia mia moja.

Juzi Clarrie alipata barua kutoka jimbo, yenye muhuri na namba ya jalada, ikimtaka athibitishe kwa maandishi kama kazi iliyoanzishwa bado ipo katika hali yake. Akaenda mpaka kwenye uzio, akachungulia, akarudi bandani akatafuta kalamu, akavuruga gunia zima la chokaa kabla ya kuipata.

"Ipo," aliandika. "Ina maji na bata saba. Mmoja anaatamia, kwa hiyo msije na beleshi kabla ya Novemba."